Siku Nilipomzimia Mama Mdogo Jenereta

Mimi ndiye niliyezima jenereta. Nalisema mapema kwa sababu nusu ya Songea mpaka leo inaamini mafuta yaliisha, na yule kaka aliyekuwa analiangalia ametukanwa vya kutosha. Mafuta yalikuwepo. Yalikuwepo mengi tu, na mengine yaliishia kwenye viganja vyangu na kwenye shati la shule, ambalo nililivaa siku hiyo kwa kuwa ndilo pekee lililokuwa safi.

Sikuwa na mpango wa kuyaandika haya. Lakini juzi baba amerudi kutoka Madaba na pampu ya kumwagilia, akaiweka sebuleni kana kwamba ni mgeni wa heshima, na harufu ya petroli ikatembea nyumba nzima mpaka ikaingia kwenye maharage. Mama akanyanyua kichwa. Na mimi nikanyanyua changu. Tukatazamana juu ya sinia, yeye akacheka kwa pua.

"Mnacheka nini?" baba akauliza.

Mama akamsogezea maharage. Sasa niko kidato cha tatu, nina ndevu chache ambazo nazifahamu moja moja, lakini harufu ile ikinipata narudi darasa la tano hapo hapo, nimechuchumaa nyuma ya choo cha ukumbi, moyo unaunguruma kuliko ile mashine yenyewe.

Mama yangu mdogo, Otilia, nyie mnamfahamu kwa jina la Tili. Msijifanye watu wazima: kama mlikuwa na redio miaka ile, mlitikisa mabega. Wimbo wake ule wa mabega ulipigwa harusini, saluni, kwenye mabanda ya chipsi, na mwalimu wetu wa nidhamu alikamatwa akiyatikisa yake peke yake ofisini. Tili alizaliwa hapa hapa Mshangano, mtaani kwetu Songea. Alikuwa akiimba kwaya ya parokia pamoja na mama, yeye sauti ya kwanza, mama sauti ya pili, halafu akaenda Dar na tangu hapo tukawa tunamwona kwenye televisheni. Shuleni mimi nilikuwa mtu kwa sababu yake. Bila yeye nilikuwa tu Zeno, mtoto mwenye masikio makubwa.

Kisha bibi, mama yao, akafariki. Tili alikuwa nje ya nchi kwenye maonyesho yake, simu ikapigwa mpaka ikachoka, ikaita bila kupokelewa. Tukazika. Tukamaliza matanga. Baadaye likaja shada kubwa la maua lililofungwa nailoni, na ujumbe wa sauti kwenye simu ya mama. Mama hakuusikiliza. Alimaliza kuosha vyombo, akakausha mikono kwenye khanga, akaufuta, akaanza kuchambua mchele.

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana mimi mwenyewe siku zile sikulielewa, na kutolielewa ndiko kulikoniponza. Kwetu, mtu aliyekosa mazishi ya mzazi wake haji nyumbani kama mgeni. Anaanza kulia akiwa bado njiani, pale kwenye kona, na wenye msiba wakimsikia wanatoka kumpokea, nao wanalia. Wanamshika mabega, wanamkalisha kwenye mkeka, halafu wanamsimulia: ugonjwa ulianzaje, marehemu alikula nini mara ya mwisho, alimtaja nani. Akishasimuliwa ndipo anapelekwa kaburini. Hata kama mwaka umepita. Hata kama ni waziri.

Mama mdogo alikuja Alhamisi mchana kwa gari jeupe. Niliona mama akiacha mwiko kwenye sufuria na kusimama katikati ya uwanja, shingo imenyooka kama kuku aliyesikia mwewe. Gari likazima kule kwenye kona. Mlango ukafungwa. Mama akasubiri. Tukasikia viatu virefu vikija kwenye kokoto, ko, ko, ko, na zaidi ya hapo hatukusikia kitu. Tili akatokea na miwani nyeusi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu." Mama akageuka kuangalia sufuria. "Zeno, mletee mama yako mdogo kiti."

Nikakimbilia kiti cha baba, kile chenye mto. Nikajisemea, oneni heshima! Bibi mzima alikuwa anakaa chini, huyu anapewa kiti cha baba! Sikuelewa kwa nini Tili alikitazama kile kiti kama mtu aliyefungiwa mlango. Mkeka ulikuwa pale pale ukutani, umekunjwa.

Mama akaendelea kusonga ugali. Kisha mama mdogo akasema, sauti chini, "Dada, nipeleke kwa mama."

"Makaburi hayana kufuli. Nenda."

"Siwezi kwenda mwenyewe kama mtalii."

"Hapa si umekuja kama mtalii?"

Nikacheka, nikidhani ni utani. Mama akanitazama, kicheko kikarudi kilikotoka.

"Jumapili asubuhi naondoka," Tili akasema. "Jumamosi naimba pale ukumbini, jioni jioni. Njoo, dada. Hata ukikaa nyuma kabisa. Nikiondoka hivi, sijui kama nitaweza kurudi tena."

"Mimi siendi kwenye muziki. Na huyu," akaninyooshea mwiko wenye ugali, "haendi."

Nilimsindikiza mama mdogo mpaka kwenye gari. Nilikuwa na jambo zito la kumuuliza. Nilikuwa nimeshawatangazia wanafunzi wote, na hasa Shabani, ambaye baba yake alikuja kutoka Tanga kufungua duka na hivyo mwana akajiona ameletwa kutustaarabisha, kwamba Tili ataimba wimbo wa mabega na katikati ya wimbo atalitaja jina langu.

"Mama mdogo, ule wa mabega utauimba wa kwanza au wa mwisho?"

"Siuimbi, Zeno. Safari hii naimba za zamani za watu weusi wa Marekani. Jazi na bluzi."

"Zinachezwaje hizo?"

"Hazichezwi. Unakaa tu, zinakupita."

Nikajua ananificha siri ya jukwaani. Nani atoke Dar na wanamuziki wake mpaka Songea aje kuimba vitu vinavyowapita watu?

Jumamosi umeme ulikatika tangu asubuhi, ndiyo maana wakaleta jenereta. Mama alikwenda kufanya usafi kanisani na kina mama wa jumuiya. Alipoishia tu kwenye kona nikatoka kwa dirisha la nyuma, nikabeba viatu mkononi mpaka barabarani kwa ajili ya vumbi, na nilipofika ukumbini nikashika ncha ya waya mmoja mrefu uliokuwa unaburutwa na wanamuziki, nikaingia nao bure. Mtu mwenye waya haulizwi.

Ukumbi ulijaa. Vijana walikuja kutikisa mabega, wengine wameshayalegeza mlangoni. Na wazee nao walikuja, jambo lililonishangaza, wakiongozwa na jirani yetu mzee Erasto, aliyevaa suruali pana iliyonyooshwa mpaka unaweza kujikata nayo. Zamani alikuwa mkali wa muziki wa dansi, enzi zile bendi za dansi zilipojiita jazi.

"Shikamoo, mzee. Na wewe unampenda Tili?"

"Marahaba. Tili simjui. Nimeambiwa jazi. Jazi ni jazi, kijana, leo mtajifunza kuvaa viatu."

Kwa hiyo kila mtu alikuja kusubiri kitu chake, na hakuna aliyekuja kusubiri kilichotokea.

Tili alitoka na gauni la kumeta, taa zote juu yake. Watu wakapiga vigelegele, Shabani akanipiga kiwiko. Nyuma yake kulikuwa na mtu wa ngoma, wa kinanda, wa gitaa kubwa la besi, na mzee mmoja mwembamba mwenye saksafoni iliyopauka. Mzee yule akapuliza sauti moja ndefu kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama. Kisha mama mdogo akafumba macho, akaanza.

Sikuelewa neno hata moja, kilikuwa Kiingereza cha kuvutwa vutwa. Nilichoelewa ni kwamba wimbo haukuwa na haraka ya kwenda popote. Sauti ilipanda, ikafika mahali ambapo wimbo wa kawaida ungegeuka kuwa kiitikio, ikakataa, ikashuka polepole kama mtu anayerudi chumbani akagundua kitanda kimeondolewa. Alikuwa na miguu miwili na hakuhamisha hata mmoja. Wimbo ukaisha. Makofi yakatoka machache, ya adabu. Akaanza mwingine. Ulikuwa wa polepole zaidi.

"Mwanangu," Shabani akaninong'oneza, "mama yako mdogo anaumwa?"

"Anapasha moto sauti."

"Anapasha moto kwa makaa gani hayo? Andaa mgongo, begi langu lina vitabu vingi." Tulikuwa tumewekeana dau: jina langu lisipotajwa, nitambebea begi mpaka shule ifungwe.

Mzee Erasto naye alisimama, akajaribu kuingia na mguu wa kulia, akasubiri pigo, pigo likachelewa, akarudisha mguu. "Jazi gani hii inayomwacha mtu na mguu hewani?" akauliza ukumbi mzima. Watu wakaangua kicheko. Na kicheko kile ndicho kilichofungua mlango. Kijana mmoja akapaza sauti, "Mabega! Tunataka mabega!" Wakaitikia kumi, wakaitikia wote. Wengine wakaanza kugonga viti. Chupa tupu ya maji ikaruka ikatua karibu na miguu yake. Tili hakufumbua macho. Niliona tu mkono wake umekaza kwenye kipaza sauti, na nikatamani ardhi ya Songea ipasuke, inimeze mimi na masikio yangu, imuache Shabani.

Ndipo nikamwona mama.

Alikuwa amesimama mlangoni, bado na ndala za usafi, tope la kanisani kwenye visigino. Mtu amemwambia niko huku. Macho yake yalizunguka yakitafuta masikio yangu, yakanipita, yakafika jukwaani, yakabaki huko. Chupa ya pili ikaruka. Mama akaishusha khanga kutoka mabegani taratibu, akaikunja, akaizungusha kiunoni, akaifunga fundo. Akalivuta fundo lile mara moja, kukaza.

Mama nilikuwa nimewahi kumwona akifunga khanga namna ile mara moja tu kwa macho yangu, pale bombani, siku mwanamke mmoja alipomtukana bibi. Yule mwanamke aliondoka bila ndoo na bila kilemba. Kwa akili yangu ya darasa la tano, khanga kiunoni ilikuwa na maana moja kama vile kengele ya shule: kinachofuata kinajulikana. Mama amekuja kumpiga mama mdogo. Atampandia pale juu, mbele ya Songea nzima, mbele ya Shabani, na kesho Tili ataondoka na hatarudi tena mpaka sote tufe. Na kosa ni langu, maana bila mimi kutoroka mama angekuwa anafagia kanisa.

Mama akaanza kutembea kati ya viti.

Nikafikiri: taa zikizimika, sauti ikikatika, watu watatawanyika, na mtu hawezi kumpiga mtu asiyemwona. Msinicheke, ndiyo hesabu niliyokuwa nayo. Nikatoka kwa mlango wa ubavuni, nikakimbia nyuma ya choo. Jenereta lilikuwa linatetemeka peke yake, mwangalizi wake amekwenda kuchungulia dirishani. Sikujua swichi iko wapi. Nikabonyeza kila kilichobonyezeka, nikazungusha kila kilichozungushika, mwisho nikashika kimpira fulani chini ya tangi, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Petroli ikanirukia. Mashine ikakohoa, ikakohoa tena, ikatoa moshi, ikanyamaza.

Yule kaka akaja mbio huku anamtaja Mungu, mimi nikazunguka ukuta, nikaning'inia kwenye dirisha lililovunjika kioo.

Nilisahau jambo dogo: ilikuwa jioni, jua bado lipo. Hakuna kilichofichika. Mwanga wa rangi ya machungwa ulikuwa umeingia kwa madirisha ya upande wa pili, na kila mtu anaonekana vizuri kuliko mwanzo, na mama alikuwa ameshafika chini ya jukwaa.

Na Tili alikuwa hajaacha kuimba. Kipaza sauti kimekufa, kinanda kimekufa, gitaa limekufa, lakini mtu wa ngoma na yule mzee wa saksafoni hawakuhitaji umeme, na mama mdogo naye kumbe hakuuhitaji. Sauti yake ya kweli, isiyopitishwa kwenye spika, ilikuwa ndogo na yenye mikwaruzo. Ilikuwa sauti ya mtu wa Mshangano. Vijana waliokuwa wanapiga kelele walilazimika kunyamaza ili waisikie, hata kama ni ili waicheke. Ilishuka mpaka chini kabisa, pale ambapo wimbo ulikuwa unakatika kila mara, na safari hii ikakatika kweli. Hakukuwa na neno tena la Kiingereza. Kilichobaki ni kilio.

Mama akainua kichwa, akampokea.

"Otilia weee! Mdogo wangu weee! Umekuja mama hayupo! Mama ametuacha, Otilia!"

Sauti ile niliisikia mara ya mwisho siku jeneza la bibi lilipokuwa linatoka mlangoni. Kina mama waliokuwa ukumbini waliielewa kabla yangu. Niliona mmoja anashusha khanga na kuifunga kiunoni, na mwingine, na mwingine, mpaka mstari mzima. Tili akashuka jukwaani kwa magoti, gauni la kumeta likiburuta vumbi.

"Dada weee! Mama yuko wapi, dada?"

"Ametangulia, mdogo wangu! Amekuita mpaka amechoka!"

Wakashikana. Wakaanguka wote wawili chini, miguu imenyooshwa, kama vile sakafu ile ya saruji ni mkeka wa nyumbani. Kina mama wakawazunguka na kuketi. Mama alifungua khanga yake, akamfunga Tili kiunoni, juu ya vile vitu vinavyometa.

"Alhamisi nililia garini tangu Madaba," nilimsikia mama mdogo akisema kwa kwikwi. "Nilipofika kwenye kona sauti ikagoma, dada. Ikagoma kabisa. Imekuja huku."

"Nimeisikia," mama akasema. "Nimeisikia kutoka barabarani."

Kwa hiyo mama alikuwa ameshajua. Pale mlangoni, wakati ukumbi mzima unadai mabega, yeye peke yake alikuwa amesikia kile alichokisubiri kwenye kona siku ya Alhamisi, na akafunga khanga kama mtu wa msiba anavyofunga, jambo ambalo mimi, niliyewekwa nyuma ya nyumba na watoto wenzangu siku ya bibi, sikuwahi kuliona. Tena nafikiri angempokea hata spika zikiwa zinanguruma. Kuzima kwangu hakukusaidia lolote, nisijipe sifa.

Mzee wa saksafoni alipuliza polepole sana, juu ya vile vilio, bila kuvikatiza. Mzee Erasto alivua kofia. Shabani nilimwona amesimama juu ya kiti, mdomo wazi, anafuta macho kwa kola ya shati, aliponiona dirishani akakasirika, akasema kwa midomo tu, "Vumbi." Begi lake nililibeba mpaka shule ilipofungwa, maana jina langu halikutajwa, lakini kuanzia siku hiyo hakusema tena neno lolote baya juu ya mama mdogo.

Jenereta lilipowashwa tena, mtangazaji akaomba radhi kwamba mafuta yaliisha. Mama mdogo akapanda jukwaani na khanga ile ile kiunoni, akaimba zilizobaki zote, na hakuna aliyedai mabega. Mama alikaa mbele kabisa. Kwenye wimbo wa mwisho niliona midomo yake inacheza: alikuwa anashika sauti ya pili, kwa lugha asiyoijua.

Tulirudi Mshangano kwa miguu, mimi na yeye, Tili akibaki kubadili nguo ili aje baadaye na gari. Mikono niliichimbia mfukoni mpaka karibu nitoboe kaptula. Upepo wa milima ya Matogoro ulikuwa unatoka mbele, nikashukuru, kisha njia ikapinda, upepo ukawa unatoka nyuma yangu kwenda kwake. Niliona pua yake inasogea. Akaendelea kutembea. Tukapita kwenye kona, tukaingia uani. Akawasha taa ya chemli, akaiweka juu ya kile kiti cha baba, akaniambia nitoe mikono. Nikaitoa. Akaikamata yote miwili, akainusa, akanitazama kwa muda ambao hata sasa naona bado haujaisha. Nikafumba macho kusubiri kofi.

"Kanawe hiyo mikono mbali na taa yangu," mama akasema. "Halafu tandika mkeka, mdogo wangu anakuja kusimuliwa. Na Zeno, ukiona watu wanalia ndani ya nyumba hii, usizime kitu."